UZI: Unguja kwa mfuko wa kawaida. Tule wapi, tuoge wapi, na maji yako wapi?

Nahodha wa Nchi Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ikikaribia Juni na Desemba zinamiminika nyuzi za "naombeni hoteli nzuri Zanzibar", na majibu ni yale yale: picha ya bembea iliyofungwa katikati ya bahari, na jina la hoteli ambayo usiku mmoja ni ada ya mtoto ya muhula. Uzi huu ni wa sisi wengine, tunaopanda boti daraja la kawaida, tunalala nyumba ya wageni, na tunataka kula tukashiba na kuoga tukachoka.

Msimamo wangu ni mmoja: kabla hujatafuta hoteli, tafuta mwezi uko wapi.

Watu wengi wanachagua ufukwe kwa picha. Anaona Paje ya buluu, analipia, anafika saa nne asubuhi anakuta bahari imeondoka. Mchanga, majani, ngalawa zimelala ubavu, maji yako kule kwenye mwamba unapohitaji kuyatolea macho. Anaanza kulalamika kwamba ametapeliwa. Hajatapeliwa, amefika siku za bamvua.

Kwa pwani yetu hesabu ni hivi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani tarehe 1 hadi 3 na 14 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu, ni bamvua. Maji yanapwa kwenye saa nne asubuhi na yanajaa kwenye saa kumi jioni, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, tarehe 7 au 8 na 21 hadi 23, ni maji mafu. Hapo ni kinyume, yanajaa saa nne asubuhi na kupungua jioni, lakini hayaendi mbali. Kila siku saa zinasogea mbele kwa kama dakika 50. Ukishajua hilo, kalenda ya msikitini inakutosha kupanga safari nzima.

Mashariki yote (Matemwe, Kiwengwa, Paje, Bwejuu, Jambiani) ina mwamba mbali na ufukwe, na ndani yake maji ni machache. Ndiyo maana yakipwa unatembea mpaka unachoka. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, sakafu inashuka haraka, unaoga saa yoyote. Na kwa kuwa Kendwa inatazama magharibi, jua unaliona likizama baharini. Mashariki unalipata alfajiri tu.

Sasa wengi wakisikia hivyo wanakimbilia Nungwi wote. Mimi napenda mashariki hasa kwa sababu ya kupwa. Saa hizo ndipo Jambiani na Paje zinafanya kazi: kina mama wako kwenye mashamba ya mwani wakifunga vipande kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vijiti, wengine wako mwambani na vijiti vyao wanachokonoa pweza. Mpe kijana wa kijijini chochote akupeleke hadi mwambani, vaa viatu vya raba (kuna wale viumbe weusi wenye miiba, ukimkanyaga mmoja likizo imekwisha), rudi kabla maji hayajageuka. Mchana unakula, unalala, na saa tisa bahari inakufuata mpaka mlangoni. Huo ndio utaratibu wa siku na hauna bei.

Chakula. Mjini naanza asubuhi na mkate wa ajemi wa moto na maharage ya nazi. Mchana Lukmaan, pale Mkunazini, unachagua kwa macho kwenye sufuria: pweza wa nazi, samaki wa kupaka, pilau, biriani siku zake. Jina limeshakuwa kubwa, wageni wamejaa, lakini wenyeji hawajahama, na kwangu hicho ndicho kipimo. Alasiri urojo. Usiku Forodhani, ile bustani ya ufukweni yenye vibanda vya chakula. Baada ya Forodhani, kahawa chungu kwenye kijiwe cha Jaws Corner na kashata, usikilize wazee wanavyobishana siasa na mpira kwa sauti moja.

Pwani, kula kijijini na si ufukweni. Ukivuka barabara tu, kule nyuma ya hoteli, kuna mama anayepika wali wa nazi na changu au tasi kwa bei ya binadamu. Ila mwambie mapema. Pweza mzuri hachemki kwa dakika kumi.

Karibuni mjazie. Hoteli za bembea ziacheni kwenye nyuzi zenu.

Baba Pacha

Mkuu umenisaidia sana, nilikuwa karibu kulipia Kiwengwa wiki ya mwezi mpevu na watoto wawili wa miaka sita. Swali: watoto hawali pweza, hawajui kuogelea, na wakichoka wanachoka wote wawili. Nifanye nini nao?

Nahodha wa Nchi Kavu

Baba Pacha, kwa umri huo hilo si tatizo, ni zawadi. Kupwa kwa mashariki ndiyo bwawa la watoto: vidimbwi vya maji ya uvuguvugu, kaa wadogo, samaki wamenaswa. Wewe kaa kwenye kivuli uwaangalie. Mjini wapeleke Changuu, boti zinaondoka pale pale ufukweni karibu na Forodhani. Kuna kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli, waliletwa mwaka 1919, na watoto wanawalisha majani. Lile jengo lilijengwa liwe gereza miaka ya 1890, likaishia kuwa karantini, kwa hiyo jina la Prison Island lisiwatishe.

Jozani nayo. Kima punju wanapatikana Zanzibar tu, na pale wanakaa karibu na njia kiasi kwamba unaambiwa wewe ndiye usogee nyuma. Kuna daraja la mbao linalopita kwenye mikoko. Ukifika maji yamejaa linapendeza zaidi.

Binti Mkunazini

Assalaam alaykum. Kaka Nahodha, umeandika vizuri kwa mtu wa bara, hongera. Mie nna mawili matatu ya kurekebisha.

Kwanza Forodhani. Pale uendee upepo, watu, na vijana wanavyojirusha baharini kutoka ukutani magharibi ikiingia. Bustani ilitengenezwa upya ikafunguliwa 2009 na ni pazuri kukaa. Lakini ile meza ya kamba, ngisi, na mishkaki ya samaki imepangwa rangi rangi, usiikurupukie. Vingine vimeshachomwa, vikapoa, vikarudishwa makaani. Angalia kibanda chenye watu wanaotoka kazini, wenye mabuibui na watoto mkononi. Uliza bei ya kila kitu kabla hakijatiwa kwenye sahani, si baada. Anayekwambia "we chagua tu, tutaelewana" hamtoelewana.

Vya kula Forodhani ni hivi: pizza ya Zanzibar ikitoka motoni, maana ile haiwezi kuchemshwa upya. Anautandaza unga mwembamba kama karatasi, anatia nyama ya kusaga, kitunguu, hoho, yai, anakunja mraba na kuitupa kwenye chuma cha mafuta. Na maji ya miwa yaliyokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu. Hayo mawili hayajawahi kunifedhehesha mbele ya mgeni.

Pili urojo. Umeutaja kwa neno moja kama vile chai! Urojo mzuri unaujua kwa ule mchuzi wenyewe: uwe mwepesi, wa manjano, ukali wake utoke kwenye embe mbichi au ndimu na si kwenye siki. Ndani iwe bajia za kunde, viazi, kachori, mishkaki midogo, juu chipsi za muhogo zikiwa bado zinavunjika, chatne ya nazi, pilipili ya kwako mwenyewe. Hauliwi usiku. Unaliwa alasiri, saa tisa mpaka jua likizama, kwenye nyumba za watu na vibanda vya mitaani, na kila mtaa unaamini wake ndio wa kwanza. Uliza mwanamke yeyote dukani, "urojo wa hapa mnakula wapi?" Atakutoa mpaka mlangoni akuonyeshe.

Tatu, wageni wetu mnaotoka ufukweni na kuingia Mji Mkongwe na nguo za kuogea. Kanga moja haina uzito kwenye mkoba.

Mkaanga Sumu

Dada Mkunazini umemaliza. Ila na mimi nitie pilipili: The Rock mbona hamuitaji? Ile ya juu ya jiwe pale Pingwe, Michamvi. Mimi niliona ni kulipia picha. Chakula kizuri, sikatai, lakini kwa pesa ile Jambiani ningelisha kijiji.

Nahodha wa Nchi Kavu

Mkaanga Sumu, niliiruka kwa makusudi ila kwa kuwa umeifungua tuseme. Bei ni ya watalii, hilo halina mjadala, na bila kuweka nafasi mapema unaweza kurudi bila kukaa. Ila kama ni fungate au mnasherehekea kitu, mimi siwezi kumzuia mtu. Cha kufanya ni kuicheza na maji. Siku za bamvua unakwenda kwa miguu yako asubuhi bahari ikiwa imepwa, unakula polepole, ukimaliza maji yameshazunguka jiwe na unarudishwa kwa mashua. Siku za maji mafu asubuhi utapata bahari tu, hakuna mageuzi. Na asiye na hela akae ufukweni pale Pingwe na dafu lake: jiwe analiona vizuri zaidi kuliko aliye juu yake.

Mvita Kwetu

Wapwani wenzangu, mbona mnazungumza kana kwamba bahari imeishia Unguja? Huku kwetu Diani hesabu ya maji ni hiyo hiyo, mwamba uko mbele, bamvua ni bamvua. Njooni mlinganishe.

Ukiwa Mombasa usiondoke bila kukaa Mama Ngina jioni. Meli zinapita karibu unaona nguo zilizoanikwa juu. Chakula ni cha mkono: viazi karai, mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa katikati na kutiwa pilipili na ndimu, achari ya embe, madafu. Asubuhi Mji wa Kale mahamri kwa mbaazi wa nazi, na msinifanye niwaeleze mbaazi wa nazi ni nini.

Lakini siku ya kweli ni Wasini. Matatu kutoka Ukunda hadi Shimoni, halafu mashua. Kisiwa hakina gari hata moja. Kina mama wa pale wana daraja lao la mbao juu ya matumbawe ya kale na mikoko, unalipa kiingilio kidogo na pesa inabaki kijijini. Kisha mnakwenda hifadhi ya Kisite-Mpunguti kutazama samaki kwa miwani na mrija, mnarudi Wasini kula kaa. Kaa mzima, nyundo ya mbao, mchuzi wa nazi pembeni, na hakuna atakayekutazama vibaya ukila kwa viganja viwili. Siku ya shughuli na chakula kwa pamoja, sijaona inayoishinda.

Ali Barbour's ya Diani, ile ya ndani ya pango lenye tundu la kuonea nyota, iko kundi moja na jiwe lenu la Pingwe. Mwenye harusi aende.

Binti Mkunazini

Mvita kaka yangu, kwa kaa wa Wasini nakupa, sina ubishi. Lakini viazi karai usivilete mbele ya urojo. Hivyo ni vya kusindikizia tu.

Mvita Kwetu

Haya basi. Tukutane kwenye mahamri.

Daktari wa Mitumbwi

Mmeniacha kwenye Kizimkazi. Nilikwenda kuona pomboo, boti zikawa nyingi, zikiona pezi zote zinageuka na kukimbiza, nahodha anapiga kelele "ruka! ruka!" Wageni wanaruka juu ya wanyama. Pomboo wakazama, wakatokea mbali, tukakimbiza tena. Sikupenda. Je, kuna namna nyingine?

Mtoto wa Kusini

Mimi natoka kusini huko huko. Namna ipo, sema inamtaka mgeni aseme mwenyewe. Ondoka alfajiri mapema kabla mabasi ya watalii hayajafika, na muelewane na nahodha ukiwa bado nchi kavu: azime au apunguze mashine akiwaona, asiwakate njia, na hamuingii majini kama wanaondoka. Nahodha anakimbiza kwa sababu anaamini hicho ndicho ulichokuja kutaka. Ukimwambia hutaki, atafurahi, mafuta yanabaki.

Mkimaliza, msipande gari mara moja. Kizimkazi Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi kwenye mihrabu yanayotaja mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Jengo lenyewe limefanyiwa matengenezo zama kwa zama, ila mihrabu ndiyo hiyo. Muombe anayeutunza akuonyeshe, vaa kwa heshima, toa sadaka.

Na mkiwa Julai, tafuteni siku ya Mwaka Kogwa Makunduchi. Wanaume wanapigana kwa mabua ya migomba kumaliza uhasama wa mwaka, kina mama wanaimba kuwazodoa, kibanda cha makuti kinachomwa moto. Halafu kila nyumba ina chakula, na mila inasema mwenye nyumba asikose mgeni siku hiyo. Hakuna mgahawa unaoweza kushindana na jambo hilo.

Mtu wa Seeb

Naandika kutoka Oman. Sisi tuliozaliwa Ng'ambo, ule upande wa nje ya Mji Mkongwe, tukaishia Maskati tunakuja likizo na tunashangaa ndugu zetu wa bara na wazungu wote wanavyobanana ndani ya Mji Mkongwe kana kwamba mji unaishia Darajani. Vukeni barabara! Michenzani, Kariakoo, Mikunguni, huko ndiko wanakokula wafanyakazi. Mishkaki ya jioni pembeni mwa barabara, supu ya pweza, chapati, mkate wa kumimina. Huku Oman mishkaki tunaila barabarani vile vile na jina ni hilo hilo, ila muhogo wa kuchoma pembeni yake ndio unaotutoa machozi.

Halua msinunue ile ya kopo la mapambo. Nunueni inayokatwa kutoka kwenye sinia kubwa, iwe inang'aa, iliki inasikika kabla hujaila. Na ni ya kula na kahawa chungu. Kuila na soda ni kuidhulumu.

Kaiti Juu

Wazee wa kula mmeuteka uzi, wacha nirudishe michezo. Paje ni ya kaiti, yaani kuteleza juu ya maji kwa ubao ukivutwa na tiara, na mashine yake ni upepo. Kuna misimu miwili: kaskazi, kama Desemba hadi Machi, na kusi, Juni hadi Septemba. Katikati, wakati wa masika, Aprili na Mei, kuna mvua na hoteli nyingine zinafunga, ila bei zinalala chini na mwenye subira anapata ufukwe mzima peke yake. Masomo ya kaiti ni ghali, siwadanganyi. Lakini kukaa ufukweni saa tisa jioni maji yakijaa na kutazama zile rangi hewani ni bure.

Siku isiyo na upepo nenda mapango. Kuza, pale Jambiani, lina maji baridi ya kijani chini ya mawe, unashuka ngazi na kuogelea. Baada ya chumvi ya siku mbili mwili unashukuru.

Kisiwa cha Mnemba: kutazama samaki ni pazuri sana, ila boti zimezidi. Ondokeni na ya kwanza asubuhi kutoka Matemwe upande wa Muyuni, mko karibu kuliko wanaotoka Nungwi. Na msisimame juu ya matumbawe kupiga picha, jamani.

Baba Pacha

Nimerudi, wakuu. Nimefuta Kiwengwa, nimeweka Jambiani kwa siku chache na mjini mwishoni. Je, Nakupenda inafaa watoto? Naona picha nzuri sana.

Nahodha wa Nchi Kavu

Inafaa kwa masharti. Nakupenda ni fungu la mchanga, halina mti hata mmoja, na maji yakijaa linafunikwa. Wenye boti wanatandika turubai na kuchoma samaki na kamba pale pale, mnakula miguu ikiwa majini. Wiki yako ni ya mwezi mpevu, kwa hiyo asubuhi ya saa nne fungu litakuwa kubwa kabisa, na saa nane muwe mmeshakula mkaondoka. Kofia, fulana za mikono mirefu kwa pacha, na maboya ya kuvaa yawe yameshawekwa botini kabla hujakaa. Kama hakuna ya saizi ya watoto, shuka utafute boti nyingine. Usione haya.

Sufuria Tupu

Na kama safari inaangukia Ramadhani? Mmoja wetu ni Mkristo.

Binti Mkunazini

Anakaribishwa, ila mchana asile wala kunywa barabarani. Migahawa mingi ya mjini inafunga mpaka magharibi, ya hotelini inafanya kazi. Halafu jua likizama ndio ataujua mji: tambi za sukari, muhogo wa nazi, kaimati, uji wa pilipili manga, samaki wa kukaanga, vyote vinauzwa barazani, na akialikwa futari asikatae. Forodhani inachangamka baada ya tarawehe, si magharibi, asiende mapema akalalamika hapana watu.

Sufuria Tupu

Ahsante sana dada. La mwisho: mke wangu hali samaki, hali nyama, hata supu ya mifupa hagusi. Atakufa njaa?

Binti Mkunazini

Kwa nazi yote hii? Maharage ya nazi, mbaazi, kisamvu, mchicha wa nazi, ndizi mbichi, bajia, kachori, mkate wa ajemi asubuhi. Pizza aagize ya yai na mboga, au ya ndizi na chokoleti. Urojo nao anakula vizuri tu, ila amwambie muuzaji "usitie mishkaki" kabla hajaanza kupanga bakuli, maana mikono yao haisubiri.